Mifupa 30 ya Red Dead Redemption 2: hivi wanatufanyia maskhara?

Jamani, mwanzo kabisa: asije mtu hapa kuniambia "tulia, gemu tu hiyo". Nimeshaambiwa na nusu ya Chake Chake, mpaka mama anayekaanga mihogo nje ya kibanda chetu cha gemu kanambia. Nimekuja kulalamika na nitalalamika.

Hii ni kuhusu Red Dead Redemption 2, ule upande wa kutafuta vitu vilivyofichwa. Nitataja mwisho wa hadithi bila haya, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa aishie hapa. Gemu imetoka Oktoba 2018, kama hadi leo hujaimaliza hiyo shauri yako.

Kwa wasioijua, ni Marekani ya mwaka 1899. (Huku kwetu wakati huo kitini yupo Sultani Hamoud bin Mohammed, basi mkadirie wenyewe.) Wewe ni Arthur Morgan, jambazi wa genge la bwana mmoja aitwaye Dutch, una farasi, una bastola, na una nchi kubwa hiyo huimalizi kuizunguka. Ukichoka kuiba, kuna vya kutafuta: kadi za sigara 144, nyavu za ndoto (dreamcatcher) 20 zilizotundikwa mitini, michoro 10 iliyochongwa kwenye mawe, mifupa 30 ya dainosaria, na ramani za hazina.

Ramani za hazina sina ugomvi nazo hata kidogo. Ile hazina ya genge la Jack Hall, kwa mfano, unanunua ramani ya kwanza kwa yule jamaa Maximo upande wa Flatneck Station, karatasi imechorwa kwa mkono, mlima na mto tu, haina alama wala maelezo. Unakaa unaitazama mpaka siku unapita juu ya jabali la Caliban's Seat, unatupa jicho chini mtoni, mara unashtuka: kumbe ndiyo hii! Unamwacha farasi juu, unashuka kiubavu kwenye ukingo mwembamba, bega limesugua mwamba, kidole unakiondoa kabisa kwenye kitufe cha kurukia maana ukikigusa tu Arthur anakwenda na maji. Mbele kuna kitobo ukutani, anatia mkono, anatoka na ramani ya pili. Ukifuata mpaka mwisho, kwenye kisiwa kidogo katikati ya ziwa O'Creagh's Run, unakuta vipande viwili vya dhahabu, na kila kimoja mnunuzi wa mali ya wizi anakupa dola 500. Umesumbuka, lakini umesumbuka kwa haki. Umepewa fumbo na jawabu lake lipo.

Kadi nazo nimezivumilia. Zile zilizofichwa majumbani na kwenye mabehewa unazitafuta kwa macho, na nyengine zimo ndani ya pakiti za sigara za bei ghali madukani, dola 5 pakiti, hujui utapata ipi. Nimenunua mpaka nikaanza kuona Arthur anakohoa kwa sababu yangu. Unahitaji kadi ya seti ya "Gems of Beauty", unatolewa ya farasi. Unanunua tena, farasi yule yule. Lakini ndivyo zilivyokuwa kadi hizo hata katika dunia ya kweli, kampuni zilizitia ili pakiti isipondeke na mvutaji arudi kununua tena ajaze seti. Ni ujanja wa biashara na gemu imeuiga vizuri. Sawa, nimelipa.

Sasa mifupa. Hapa ndipo damu inaponichemka.

Unakutana na mwanamama mtafiti, Deborah MacGuinness, anakuomba umtafutie mifupa ya wanyama wa kale, kila ukiona mmoja umpelekee habari kwa posta. Hakupi ramani, hakupi fumbo, hakwambii hata anzia wapi. Nchi nzima hiyo! Mingine iko kwenye nyika unapita nayo kila siku huioni, mingine iko huko Ambarino kwenye theluji, farasi anatitia mpaka magotini na Arthur anatetemeka kwa sababu umesahau kumvalisha koti. Haya, nimekubali. Mtafutaji hachoki.

Halafu unafika mahali hesabu haiendi tena. Umechana kila bonde, kila mlima, unarudia njia ulizopita, unaanza kujiuliza kama macho yako mazima. Na gemu imenyamaza kimya! Haisemi neno. Kumbe iliyobaki imo New Austin, jimbo la upande wa magharibi, na New Austin Arthur haruhusiwi kuingia.

Na si kwamba kuna geti au bango linalokwambia rudi. Unavuka mto na farasi wako, nchi nzuri, mchanga mwekundu na midungusi, hakuna mtu, hakuna nyumba. Unajisemea leo ndio leo. Mara risasi moja, hujui imetoka wapi, Arthur chini. Hakuna aliyepiga! Unajaribu kupitia upande wa pili, chini tena. Ukipita karibu na mji wa Blackwater ndiyo hata huulizi, wanakutokea askari kama siafu, kwa sababu ya yale waliyoyafanya genge huko kabla hadithi haijaanza.

Ukweli wenyewe ni kwamba mifupa ya New Austin inapatikana mwisho kabisa, Arthur ameshakufa, mwaka ni 1907 na unacheza na John Marston, mwenzake wa genge. Yaani kazi ulipewa na Arthur, alama zote kaziweka Arthur, njaa na baridi kala Arthur, na zawadi anakwenda kuichukua John. Zawadi yenyewe kisu cha mfupa wa taya! Kisu! Na mtu huyo tayari anacho kisu kiunoni.

Mimi sikatai hadithi iwe na mipaka. Ninachokataa ni kupewa kazi usiyoweza kuimaliza na kuachwa uitafute kama inawezekana. Walishindwa nini kumfanya yule mama aseme mstari mmoja tu, "mingine nasikia iko magharibi, huko wewe usiende sasa"? Watu waliochora mpaka matope kwenye buti ya mtu, mstari mmoja uliwashinda?

Bado sijamaliza. Nikatafuta msaada. Kwenye kundi letu la WhatsApp akajitokeza mtu anauza "orodha kamili ya mifupa yote, imehakikiwa", shilingi 3,000. Nikamtumia. Naifungua: vichwa vya mishale, kadi za tarot, mayai ya ndege, na mwisho kabisa "nunua koleo kwa Madam Nazar". Enyi watu! Madam Nazar ni wa ule mchezo wa mtandaoni, Red Dead Online, kazi ya mkusanyaji iliyoletwa Septemba 2019, na vitu vyake vinahamahama kwa zamu, leo vipo hapa, kesho havipo. Orodha ya namna hiyo hata huko kwao ikilala inaoza. Kwenye hadithi ya Arthur haina kazi yoyote. Nimemuandikia, katia tiki mbili za buluu na kunyamaza. Nasikia kawauzia na vijana wa Wete. Wa Wete mliomo humu, mkimuona mnijuulishe.

Na msinipeleke kwenye video. Nimezitazama. Mtu anajitambulisha, anashukuru waliojiunga, anaomba waliobaki wajiunge, anasimulia siku yake, mfupa unaoutaka umo dakika ya mwisho na hapo bando limekwisha. Ukipata bando, umeme umekatika. Ukirudi umeme, zamu yako kibandani imepita na pedi wameshika watoto wanacheza mpira, na kuwatoa watoto kwenye mpira huku Pemba mnajua wenyewe.

Kwa hiyo nnachotaka ni kitu kimoja. Aliyemaliza yote 30 aniandikie, kwa Kiswahili, kwa maandishi, sio video wala picha yenye vidoti mia: ipi Arthur anaweza kuifikia na ipi ni ya John. Basi. Sihitaji kuelekezwa mpaka kwenye jiwe lenyewe, kutafuta najua. Nataka kujua tu nisipoteze usiku wangu upande usiokuwa na kitu.

Na wale wa kujua hila za kumvusha Arthur kinyemela mpaka New Austin, nazijua, na pale kibandani mwenye mashine hataki mtu amchezee mashine yake, amekwisha kusema.

Haya, karibuni. Wa "angalia YouTube" nimeshawaona mnakuja. Mtangulize bando.