MJADALA: Vijana wa polo ya maji waanze na mbinu za mtu zaidi?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha wavulana hapa Dar, wengi hawajafika miaka 18, wanafundishwa polo ya maji, ule mchezo wa kufunga magoli kwa mkono majini, kwenye bwawa la kukodi. Bei za mabwawa ya Masaki na Msasani mnazijua, kila dakika inalipiwa. Sasa mwalimu wao anamaliza karibu nusu ya mazoezi kwenye mtu zaidi, yaani mpinzani mmoja akitolewa kwa muda kwa faulo, sita wanashambulia watano na kipa. Anasema nafasi hizo ndizo zinazoamua mechi. Mimi napinga. Kijana kwanza ajue kujisimamisha majini kwa miguu, maana kukanyaga sakafu hairuhusiwi na mpira unashikwa kwa mkono mmoja. Karibuni, ila kwa hoja.

Mdau wa Upanga: Mkuu, unabishana na maji. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, aliyetolewa alikaa nje sekunde 20 tu, msipojua nani anakaa wapi zinaisha mnatazamana. Wanne wanakaa nje, wawili wanakaa mita mbili kutoka mstari wa goli, kila mmoja na nguzo yake ya goli. Mpira ukizungushwa haraka, lazima kuna mlinzi atakayechelewa. Serbia wamebeba dhahabu ya Olimpiki ya wanaume Rio 2016, Tokyo 2020 na Paris 2024. Walibahatisha?

Mleta mada: Waserbia wameanza utotoni, usiniletee hao. Mpango wako unataka pasi isiyogusa maji. Kwa hawa wetu pasi ya tatu inadondoka, mlinzi anarudi zake katikati kwa raha. Hapo unampanga nani?

Mzazi wa Mbezi: Wangu ni mashoto, akawekwa upande wa kulia wa shambulizi. Nikadhani anatengwa. Kumbe pale ndipo mashoto analiona goli vizuri, anayetumia mkono wa kulia inabidi ageuze mwili kwanza. Hilo asingelijua kwa kuogelea kwenda na kurudi tu. Hela yangu sioni kama imepotea.

Mdau wa Kigamboni: Mpangilio sina shida nao. Shida yangu ni ile asilimia ya nafasi za mtu zaidi zilizozaa goli, ambayo mwalimu anaturushia kwenye grupu la WhatsApp kila baada ya mechi. Timu ikipata nafasi 4 ikafunga 2, inasifiwa kwa asilimia 50. Ikipata 12 ikafunga 5, haifiki 42, watoto wanasemwa! Magoli matano si zaidi ya mawili? Na kuwafanya wapinzani watolewe mara 12 ni kazi ya nani? Halafu lile goli linaloingia aliyetolewa akiwa ndiyo kwanza anarudi, mlinzi hajafika mahali pake, halihesabiwi kabisa kwenye asilimia hiyo. Kwa mechi chache za watoto, tarakimu hiyo haimpimi mtu.

Mleta mada: Nakazia hapo. Asilimia iondoke, na mtu zaidi apewe dakika 10 za mwisho, miguu ikiwa imechoka kama itakavyokuwa kwenye robo ya nne, ya mwisho, ya mechi. Muda mwingine wote ni miguu na pasi.

Mdau wa Upanga: Dakika 10 hapana. Unawahesabu sita wanaoshambulia, unawasahau watano na kipa. Nao wanajifunza palepale kuzuia wakiwa pungufu, na kutolewa watatolewa tu, ni vijana hawa. Weka dakika 20, tuendelee na la bei ya bwawa.