Vijana wahamiaji Nakuru: tujenge kituo au tulipe walezi wa mtaani?

Mwanzisha mada, Kaptembwa
Kuna wanaotaka vijana wa Sudan Kusini, Kongo na Somalia wanaoishi Kaptembwa, Rhonda na Free Area wajengewe kituo chao. Mimi napinga jengo kutangulia. Pesa ziende kwanza kwa walezi wanaozunguka mtaani jioni.

Aliye hatarini zaidi ni wa miaka 14 hadi 17, anaishi chumba cha kupanga na ndugu zake, mzazi yuko Juba au kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kodi hutumwa na jamaa aliye ng'ambo. Jamaa akikwama miezi miwili, mwenye ploti anapiga kufuli. Kijana anahamia beisi, kijiwe cha vijana mtaani, na bangi iko hapo hapo. Huyo haingii jengo lenye kibao cha "wakimbizi" na daftari la majina mlangoni. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka mkimbizi anayetoka sehemu aliyotengewa awe na kibali. Asiye nacho, akiona daftari anaona polisi.

Mlezi anamfuata alipo. Ziara tatu za kwanza ni salamu na mpira tu: hakuna daftari, hakuna picha. Jina kamili linangoja mpaka kijana mwenyewe aanze kuuliza maswali.

Afisa wa ustawi, Kisumu
Ndugu, hayo ni ya wavulana. Msichana hutampata beisi hata ukizunguka mtaa wetu wa Nyalenda usiku kucha. Yuko ndani, analea wadogo zake, anapika, anafua. Mlezi wa kiume akibisha hodi mara mbili, ploti nzima imeshaanza kusema. Huyo anahitaji chumba: saa tatu hadi saa sita asubuhi, mlezi wa kike, mkeka wa watoto pembeni, choo kinachofungika. Watoto wakikosa pa kukaa, na yeye haji.

Tena mlezi asiye na mahali pa kumpeleka kijana atazungumza naye siri zake mbele ya muuza bangi. Hayo si malezi.

Mwalimu, Kitale
Mnabishania kuta na miguu, na kinachowarudisha mtaani ni karatasi na darasa.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Si kila kijana ni mkimbizi; mwingine ana pasipoti na pasi ya mwanafunzi iliyoisha muda. Ukimpeleka dirisha la wakimbizi umempotezea wiki kadhaa. Mlezi aulize kwanza: uliingia na karatasi gani, na iko kwa nani? Kisha aende naye ofisini, wakae foleni pamoja. Ukimtuma peke yake, akiambiwa "rudi kesho" harudi.

Halafu lugha. Kijana wa Bukavu, Kongo, amesoma kwa Kifaransa. Anawekwa na watoto wa miaka kumi, anaita pesa "falanga", darasa zima linaangua kicheko. Ana miaka 15 na ndevu zinaota. Wiki ya pili hayupo. Wa Juba ana Kiarabu cha Juba na Kiingereza kidogo, naye huchekwa vivyo hivyo. Apewe kwanza miezi mitatu ya Kiingereza na Kiswahili cha darasani, kila asubuhi, ndipo apimwe na kupangiwa darasa.

Kiongozi wa vijana, Rhonda
Na vijana wa hapa? Mkifungua mlango kwa wageni peke yao, mnawawekea chuki. Nusu ya nafasi ziwe za wenyeji. Timu za mpira zichanganywe kwa kura siku ya kwanza, maana wakijipanga wenyewe mtapata timu ya Wadinka, ya Wanuer na ya Rhonda, na ugomvi wa makabila hayo ya Sudan Kusini utahamia uwanjani. Na msilipe "nauli" ya kuhudhuria. Siku nauli hiyo ikikatwa, wote wanatoweka.

Mwanzisha mada, Kaptembwa
Dada wa Kisumu, hoja ya wasichana naikubali bila ubishi. Lakini chumba si lazima kijengwe: ukumbi wa kanisa au msikiti hukaa mtupu asubuhi za katikati ya wiki. Nisichokubali ni walezi wa kujitolea. Asipolipwa miezi miwili anaacha, na kijana aliyeachwa na mzazi ameachwa tena. Bora walezi wanne wenye mkataba wa miaka miwili, kila mmoja vijana 12 asizidishe, angalau mmoja awe anajua Kiarabu cha Juba. Wote wawe na cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kijana akipigwa au kudhulumiwa wapige 116, simu ya msaada kwa watoto, siku hiyo hiyo, wasingoje mkutano.

Afisa wa ustawi, Kisumu
Ukumbi wa kuazima una matanga na harusi. Msichana akikuta mlango umefungwa mara mbili, ya tatu haji. Kodisha chumba kimoja, ufunguo ukae kwa mlezi, ndipo tuzungumze.