Mkaguzi kakaa dakika 20, kasema nyufa ni "za plasta tu"

Wakuu, bora niseme kuliko nipasuke. Jengo tunaloishi limepita miaka 40. Tumelalamika nyufa hadi sauti zimekauka, jana ndio wametuletea mkaguzi. Dakika 20! Kapiga picha kwa simu, kagongagonga ukuta kwa vidole (sijui alikuwa anabisha hodi kwa nani), kasema "plasta tu hiyo", huyo kaenda zake. Leo asubuhi mafundi rangi wameshaanza kuziba.

Sasa shukeni chini kwenye maegesho. Kuna nguzo zege lake limebanduka upana wa kiganja, nondo ziko nje, kutu tupu. Ukizigusa zinapukutika magamba kama ya samaki. Hiyo nayo plasta? Kutu inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana inalipasua zege kwa ndani. Ufa unaofuata mstari wa nondo na kutoa madoa ya kahawia hautibiwi kwa brashi. Unafichwa tu.

Mkaguzi wa kweli angekuja na nyundo ya kupimia ugumu wa zege na kifaa cha kuonyesha nondo zimezama kina gani. Angechimba kidogo akanyunyiza fenoftaleini, dawa ya kupimia inayobadilika rangi: zege ambalo bado linazilinda nondo linageuka waridi iliyokolea, lililochoka linabaki na rangi yake. Basi hata kugandisha kipande cha kioo juu ya ufa, tuone kama kitavunjika, tujue unaendelea kupanuka au umetulia? Nacho kimemshinda!

Na msiniambie naleta taharuki. Jengo la ghorofa la Champlain Towers South kule Surfside, Florida, Marekani, mhandisi aliandika mwaka 2018 kwamba maji hayana pa kutokea eneo la bwawa na zege la chini linaharibika. Tarehe 24 Juni 2021 sehemu kubwa ya jengo ikashuka usiku, watu wamelala. Wakafa 98. Na wale walikuwa na ripoti mkononi! Sisi tuna picha za simu ya mtu.

Nimeomba ripoti ya maandishi, yenye jina na sahihi. Nimejibiwa "itafuata". Wakati huo rangi imefika ghorofa ya 3 na wanateremka. Ile nguzo nimeipiga picha, rula pembeni, kabla hawajaifikia. Anayejua namna ya kuwasimamisha leo hii, si kesho, aseme.