Mawakala wa Tanga mnaouza safari ya treni ya kwenda Zambia, acheni kutuuzia taarifa nusu nusu

Ndugu wanajamvi, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu yaliyoikuta familia yangu yote yaliepukika tangu siku tulipoingia katika ofisi ya wakala mmoja wa usafiri hapa Ngamiani, Tanga. Jina la ofisi hiyo silitaji, lakini namna inavyouza safari ya treni ya kulala njiani na kuvuka mpaka lazima ijulikane, kwa kuwa nimekwisha kusikia majirani wakisimulia mambo yanayofanana na yetu.

Mama yangu mzazi, dada yangu na wanangu wawili walikuwa wanakwenda Lusaka kwenye harusi ya mdogo wetu. Tulichagua treni kwa sababu mama ana matatizo ya mgongo na hawezi kukaa kitako kwenye basi kwa umbali ule wote, ilhali kwenye treni angepata kitanda cha kujinyoosha. Wakala akatuhakikishia kwamba anapanga kila kitu kutoka Tanga hadi Lusaka, akapokea fedha taslimu, nauli pamoja na malipo ya huduma yake, kisha akaandika risiti ya mkono yenye mstari mmoja: "DSM–LUSAKA, treni, daraja la pili, watu 4, saa 9.50." Naomba muusome mstari huo polepole, maana karibu kila kilichoandikwa humo kilikuja kututesa.

Tuanze na Lusaka. Treni ya TAZARA, yaani Reli ya Tanzania na Zambia iitwayo pia Reli ya Uhuru, haifiki Lusaka. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, huanzia Dar es Salaam na kuishia New Kapiri Mposhi, na kutoka hapo hadi Lusaka zinabaki kilomita zipatazo 200 ambazo abiria wengi huzimaliza kwa basi. Jambo hili linafahamika kwa kila anayeijua Reli ya Uhuru, na mtu anayelipwa kwa kazi ya kupanga safari hana udhuru wa kutolijua. Sisi tulilipia mpaka Lusaka. Hizo kilomita 200 tulizilipia mara mbili, mara ya kwanza kwa wakala hapa Tanga na mara ya pili kwa kondakta wa basi kule Zambia.

Kisha hiyo saa 9.50. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili hiyo ni alasiri. Kwa anayesoma saa za kizungu ni karibu saa nne asubuhi. Dada alipopiga simu kuuliza, alijibiwa asubuhi. Alipopiga tena na kupokewa na mtu mwingine wa ofisi ileile, alijibiwa alasiri. Mtu anayetoka Tanga kwa basi hawezi kuishi na jibu la namna hiyo, kwa sababu kati ya majibu hayo mawili kuna tofauti ya kulala Dar es Salaam usiku mmoja kabla, au kuondoka stendi ya Kange alfajiri siku ileile. Wala hakuna aliyewaambia kwamba saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, hivi kwamba ikiwa ni saa nane mchana Tunduma upande wetu wa mpaka, Nakonde upande wa Zambia ni saa saba, ingawa miji hiyo imegusana na mtu huvuka kwa miguu. Anayempangia mwenyeji wa Lusaka muda wa kuja kupokea wageni asiyejua hili atakosea tu.

Herufi tatu za DSM nazo zilitugharimu. Dar es Salaam ina stesheni ya zamani ya katikati ya mji, ina stesheni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, iliyo jirani nayo, na ina stesheni ya TAZARA iliyo mbali na hizo, kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela. Mabasi yetu ya Tanga yanaishia kituo cha Magufuli, Mbezi, na mtu anayekwenda TAZARA hushuka hadi Ubungo, akashika Barabara ya Mandela kupitia Buguruni, bila haja ya kuingia mjini. Wakala aliwaambia kwa simu "nendeni stesheni". Wakachukua teksi mpaka mjini, wakashusha mizigo yote kwenye stesheni ya zamani, na mlinzi wa getini ndiye aliyewaambia kwamba treni ya Zambia haiondokei hapo. Mama mzima, na mgongo wake ule, akapandishwa tena garini katika foleni ya mchana huku watoto wakilia kwamba treni itawaacha. Walifika abiria wakiwa wamekwisha kuanza kuingia kwenye mabehewa.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye jambo lililoniumiza kuliko yote, nalo ni vitanda. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita na cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Utaratibu wa treni hiyo ni kwamba wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti, isipokuwa familia au kundi linapochukua chumba kizima. Familia yangu ilikuwa watu wanne. Chumba kimoja cha daraja la kwanza kingewatosha bila kitanda hata kimoja kubaki, wangefunga mlango wao wakalala pamoja, bibi na wajukuu wake, na tofauti ya nauli tungeilipa bila kunung'unika. Wakala hakutuambia neno lolote juu ya hilo. Aliandika "daraja la pili, watu 4" kama anayeandika magunia, na matokeo yake kijana wangu wa miaka 13 akapangiwa chumba cha wanaume watano asiowajua, behewa jingine kabisa, wakati nyanya yake hakupata usingizi usiku wa kwanza kwa kuinuka kila mara kwenda kumchungulia. Wale abiria walikuwa watu waungwana na walimtunza mtoto, nawashukuru sana, ila mzazi hatakiwi kuishi kwa kubahatisha uungwana wa wageni wakati chumba cha vitanda vinne kipo na kinalipiwa.

Niseme pia kwamba mwanzoni wakala huyo alitaka kutuuzia treni kutoka Korogwe, akidai kwamba "mnaunganishiwa behewa moja kwa moja". Mji wetu wa Tanga ndiko ujenzi wa reli wa nchi hii ulikoanzia mwaka 1893, na reli ile ilifika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo wazee wetu wengi wamefanya kazi relini na wangemjibu papo hapo. Reli ya Tanga ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA ina milimita 1,067. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na ndiyo maana pale Kidatu, zinapokutana reli za vipimo hivyo viwili, mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka mabehewa ya reli moja kwenda ya reli nyingine. Tulikataa hilo kwa sababu baba mkwe wangu alikuwa fundi wa reli. Asiye na mzee wa namna hiyo nyumbani angelipa.

Kuhusu mpaka, sisi watu wa Tanga tumezoea Horohoro, mpaka wetu na Kenya, tunakwenda Mombasa na kurudi bila wasiwasi, na wakala alituambia kwamba Tunduma "ni vilevile". Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kweli Mtanzania haombi viza kwenda huko, lakini maofisa wa uhamiaji huingia ndani ya treni, hukagua pasipoti chumba kwa chumba na kugonga mihuri, na watoto wanaosafiri bila wazazi huulizwa maswali. Dada aliulizwa barua ya idhini ya wazazi na hakuwa nayo, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tuiandike. Ilibidi nipigiwe simu na nizungumze na ofisa mwenyewe. Mtandao ungekatika saa ile, sijui wangelala wapi.

Walifika Kapiri Mposhi usiku, treni ikiwa imechelewa, jambo ambalo kwa reli ya masafa marefu kama hayo msafiri hutegemea na hulipangia nafasi. Hapakuwa na basi lililoandaliwa, hapakuwa na mtu wa kuwapokea, na hawakuwa na kwacha za kutosha kwa sababu risiti ilisema Lusaka. Mama yangu alikaa kwenye benchi mpaka kulipokucha, yeye ambaye kwa ajili ya mgongo wake ndipo tulipochagua treni.

Nilipokwenda ofisini kudai, nilizungushwa kwa "njoo kesho", na mwisho nikaambiwa kwamba safari imefanyika, wasafiri wamefika, hakuna kinachorejeshwa. Hilo silikubali. Nadai nauli ya kipande cha Kapiri Mposhi hadi Lusaka pamoja na malipo yote ya huduma, kwa sababu huduma niliyoilipia haikutolewa.

Nawaomba wana Tanga wenzangu waliokatiwa tiketi ya namna hii waweke hapa picha za risiti zao, wakifunika majina na namba za simu, ili ionekane kama mstari ule wa risiti yangu wameandikiwa na wao. Nakala ya risiti yangu naipeleka Tume ya Ushindani Jumatatu pamoja na barua, na watakaokuwa tayari kuambatanisha zao waniandikie kabla ya siku hiyo.