Ukurasa wangu wa mavazi unaimeza nguo yenyewe. Nianze kupunguza wapi?

Binti_wa_Rau aliuliza:

Habari za jioni wapendwa. Nipo Moshi, Rau. Mchana nashona na mama mdogo kwenye kibaraza chake jirani na Soko la Mbuyuni, usiku natengeneza ukurasa wangu wa mavazi. Si duka, siuzi kitu pale. Naonyesha nilichovaa, kitambaa nilikitoa wapi na mshono gani ulinisumbua. Wiki hii kuna gauni la kitenge la mita nne, na suruali ya mtumba ya soko la Memorial niliyoibana kiuno na kuifupisha mpaka juu ya kifundo.

Nguo naziamini. Kinachoninyima usingizi ni mpangilio. Juu kabisa nimeweka picha ya Mlima Kilimanjaro upana wote, na juu yake jina langu kwa herufi za mwandiko zenye kung'aa. Nyuma ya kila kitu nimetandaza kitenge cha maua ya njano na zambarau. Kulia kuna kalenda, saa, na orodha ya kila nilichowahi kuandika. Baada ya hapo ndiyo picha zinaanza, kumi na mbili kwa kila vazi, zilivyotoka kwenye simu, kama megabaiti 4 kila moja.

Jumapili baada ya ibada, rafiki yangu wa Marangu aliufungua tukisubiri chai. Chai ikaja, tukamimina, ukurasa bado unazunguka. Ulipofunguka akashusha, akashusha tena, akaniuliza: "Gauni lenyewe liko wapi?" Lilikuwa mbele ya macho yake. Nilipiga picha nikiwa nimesimama mbele ya vitenge vilivyoanikwa, na ukurasa nao una kitenge nyuma, basi mwili wangu ukapotea humo. Iliniuma, maana mkanda wa lile gauni niliufumua mara tatu ndipo ukakaa.

Najua wengi mtasema niweke nyeupe. Nikiweka nyeupe tupu naona wodi ya hospitali. Nataka mtu akiingia ajue kafika kwa mshonaji wa Moshi. Kompyuta sina, kila kitu nafanyia kwenye simu.

Karani_wa_Kadi alijibu:

Dada, pole, na hongera kwa mkanda. Mimi nipo Arusha, natengeneza kadi za harusi kwenye stesheneri si mbali na Mnara wa Saa, kwa hiyo kupanga picha na maneno ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Anza na uzito. Picha 12 za megabaiti 4 ni megabaiti 48 kwa vazi moja. Rafiki yako ametumia bando lake kulitafuta gauni na hakuliona. Kwa simu, upana wa pikseli 1080 unatosha kabisa. Punguza picha kwa programu yoyote ya kuhariri, ihifadhi kama WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), au JPEG ya ubora wa wastani, na nyingi zitashuka hadi kilobaiti 200 hivi. Kitenge cha maua madogo madogo kitabaki kizito kuliko kitambaa cha rangi moja, kwa sababu kila ua ni kitu ambacho faili inalazimika kukibeba, usishangae. Halafu chagua picha tano badala ya kumi na mbili. Hapo umetoka megabaiti 48 hadi karibu moja.

Kalenda na saa ondoa. Saa ipo juu ya kioo cha kila simu. Isitoshe, kwenye simu hiyo safu ya kulia haina pa kukaa: ama inabanwa mpaka maneno yanakatika, ama inaangukia chini kabisa ambako hakuna anayefika. Panga safu moja tu, kutoka juu kwenda chini.

Herufi za mwandiko ziache kwenye jina lako peke yake. Maelezo yaandike kwa fonti nyepesi kusomeka kama Lato, pikseli 16 au zaidi, na mistari isibanane. Jihadhari pia na zile herufi za majarida ya mitindo, zenye mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba kama uzi. Kwenye jalada zinapendeza sana, ila kwenye kioo kidogo uzi ule unapotea. Niliwahi kumchapia bibi harusi kadi za namna hiyo, dhahabu juu ya krimu. Shangazi zake hawakuweza kusoma jina la ukumbi, nikazichapa upya zote kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo sikadirii kwa macho, napima. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti unataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake. Kuna programu za bure za kupimia.

Na kuhusu nafasi tupu, usiiogope. Alexey Brodovitch alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa jarida la Harper's Bazaar la Marekani kuanzia 1934 hadi 1958, na alijulikana kwa kuacha sehemu kubwa ya ukurasa bila kitu. Jicho likikosa pengine pa kwenda, linaiendea nguo. Mimi ningekuambia weka nyeupe, lakini umeshakataa.

Mama_Doti alijibu:

Binti yangu wa Rau, nimekaa na cherehani miaka 26 hapa Majengo, na nakuambia mpangilio unaoutafuta unajifunga kiunoni kila asubuhi.

Chukua kanga, itandaze kitandani, iangalie kama vile hujawahi kuiona. Pande zote nne kuna pindo. Katikati kuna mji. Chini ya mji kuna jina, mstari mmoja. Hakuna aliyewahi kupotea ndani ya kanga. Pindo linakuambia nguo inaanzia hapa na kuishia hapa. Mji unabeba picha moja kubwa, hata ukisimama ng'ambo ya barabara unajua ni korosho au ni jogoo. Jina linasema neno moja kisha linanyamaza. Kanga haina majina matatu.

Sasa ukurasa wako. Mji ni gauni: picha moja, wewe umesimama wima kuanzia kichwa hadi viatu. Jina ni sentensi moja chini yake, kama "Kitenge mita nne, mkanda nimeufumua mara tatu." Pindo ndiyo pambo lako la Moshi. Kile kitenge cha nyuma usikitupe, kikate ukanda mwembamba, uupitishe juu na chini ya ukurasa basi. Kila vazi jipya, badilisha ukanda kufuata kitambaa chake. Mtu akiuona ukanda atajua kafika kwako.

Kuhusu nyeupe nakubaliana nawe, ni kali. Weka rangi ya merikani. Unaijua, ile tunayokatia kielelezo kabla hatujagusa kitambaa cha mteja. Si nyeupe wala si njano, ina uvuguvugu. Kitenge chochote kinakaa juu yake bila ugomvi, na maandishi meusi yanasomeka.

Na usipige picha chini ya turubai la bluu la sokoni. Nimeona wasichana wengi wanafanya hivyo kwa sababu ya kivuli. Ubluu unashuka kwenye ngozi na kwenye kitambaa, nyekundu inakuwa kama damu ya mzee. Tafuta ukuta wa udongo au wa saruji usiopakwa rangi, simama kivulini penye anga wazi mbele yako, saa mbili au saa tatu asubuhi.

Msomaji_wa_Sakina alijibu:

Mimi sishoni, nasoma tu, na simu yangu ni ndogo. Ombi langu ni moja: mkishaonyesha gauni zima, nionyesheni mgongo. Kurasa nyingi za mavazi nimezifuata miezi na miezi bila kujua zipu iko wapi. Baada ya mgongo nipe mshono kwa karibu. Na mita za kitambaa ziandikwe chini ya picha palepale, nisitafute kwenye aya ya sita. Ule mlima naomba uusogeze, unanichelewesha kulifikia gauni.

Binti_wa_Rau alijibu:

Shikamoo Mama Doti. Asanteni wote. Nimechukua siku nne.

Kalenda na saa zimeondoka. Nyuma ni merikani. Nilipiga picha kipande halisi, nikachukua rangi yake. Ukanda wa kitenge upo juu na chini, upana wa kidole. Picha ni tano: mbele, mgongo, mkanda kwa karibu, upindo, na moja ninatembea. Ya mwisho kaka Karani angeikata, najua, lakini gauni la kitenge lisipoonekana likitembea sijalionyesha. Nilipiga kwenye ukuta wa jiko la bibi kule Kibosho, saa mbili na nusu.

Mlima nimeubakiza, ila mdogo, chini kabisa, baada ya ukanda wa mwisho. Dada wa Sakina, sasa hautakuchelewesha.

Herufi za jina zilinisumbua kuliko vyote. Zilikuwa za kwanza kabisa nilizochagua nilipoanza, kwa hiyo nimeziacha, nikatoa kung'aa tu.

Jana nilimtumia yule rafiki yangu wa Marangu. Alikuwa kwenye daladala, akafungua kabla haijatoka stendi. Baada ya dakika moja akaandika: "Upindo umeshona kwa mkono au kwa cherehani?"

Kwa mkono, nikamjibu.