Soko la Kariakoo: mboga zibaki chini ya paa la Amuli, au tupange fremu?

Mleta mada

Wakuu, tangu soko liungue usiku wa 10 Julai 2021 tumezungumzia mambo mawili tu, pesa na orodha ya majina ya wafanyabiashara wa kurudi sokoni. Serikali ilitoa zaidi ya shilingi bilioni 28, soko kuu likakarabatiwa, na palipokuwa soko dogo pakasimamishwa ghorofa jipya. Haya. Leo tubishane juu ya jengo lenyewe na kazi yake, kwa sababu wapo wanaosema waziwazi kuwa lile la zamani lilistahili kuvunjwa, eti kiwanja cha thamani vile hakikaliwi na mafungu ya nyanya.

Jengo hilo alilichora Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyesomea Technion kule Haifa, na Mwalimu akalifungua Desemba 1975. Kabla yake palikuwa na banda la Wajerumani. Waingereza walilifanya kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1923 likawa soko. Amuli hakulifuata banda lile, wala hakutuletea boksi la vioo. Alisimamisha nguzo za zege, kila moja ikichanua juu kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Mvua ikinyesha, maji yanakusanywa na hayo mapaa hadi kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Pembeni pako wazi, kwa hiyo joto linapata pa kutokea na mchana mwanga unaingia wenyewe. Halafu kuna shimoni, ambako gari linateremka na mzigo wa jumla, na juu yake rejareja. Ukilitazama vizuri utaona aliyelichora alikuwa anamfikiria kuli na gunia lake.

Sasa likatwe vyumba vya fremu? Utakuwa umeziba njia za hewa, kisha uanze kutafuta pesa za viyoyozi.

Ninachopendekeza: nguo, simu na vipodozi vyote viende ghorofa jipya. Chini ya paa la Amuli waanze watu wa mazao, kwenye vizimba vyenye kuta fupi, na hilo liandikwe kwenye mikataba.

Duka la Jumla

Mkuu, historia nzuri, hesabu hakuna. Kariakoo mtu anatoa kilemba, yaani pesa ya kupata nafasi, kabla hata hajaulizwa kodi ya mwezi. Shirika la Masoko linaishi kwa kodi, si kwa sifa za paa. Fungu la mchicha litalipia matengenezo ya zege la miaka hamsini? Ndizi tayari ziko Mabibo, nafaka ziko Tandale. Na hiyo Fuso ya viazi ikikwama saa nne asubuhi kati ya mikokoteni na wamachinga, mtaa mzima haupitiki. Mwaka 1975 mji huu haukuwa na watu hawa wote.

Mama Bamia

Wanangu, mimi nilikuwa shimoni. Mleta mada asifie paa taratibu: hewa yake inamfaa aliye juu, sisi wa chini hilo paa hatulioni. Kama tunarudi, tuwekewe mashine za kuvuta hewa, tena zinazofanya kazi.

Lakini wewe wa Duka la Jumla hujui mnunuzi wa hoteli anavyotembea. Anataka bamia, dagaa, nazi na viungo, na akirudi kwao Mkuranga anataka mbegu na dawa ya kuku, vyote mahali pamoja kabla jua halijawa kali. Tulipotawanywa baada ya moto, wateja wangu waliniambia hatuwezi kukufuata huko mama. Na majina yalipotolewa mwaka 2024 watu wakakuta hawamo, hadi wakaandamana. Hilo nalo mlizungumze, si zege tu.

Kalamu na Rula

Niongeze la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo linangoja waziri alitangaze. Kwa hiyo magofu ya Kilwa yana kinga, na soko la Amuli linategemea huruma ya bajeti. Katikati ya mji nyumba za zamani zimekwisha kwa mtindo huohuo, moja moja, kila mmiliki na hesabu yake.

Mleta mada

Duka la Jumla, ghorofa jipya limejengwa la nini kama haliwezi kumbeba jirani yake? Kodi za huko ndizo zitengeneze paa. Kuhusu Fuso, zishushe usiku na kufikia alfajiri ziwe zimeondoka. Njia ya gari ya kuteremkia shimoni ipo.

Mama, mashine za hewa nimezipokea, ziingie kwenye hoja.

Duka la Jumla

Tuseme umeshinda. Mwenye kizimba cha nyanya akikikodisha kimyakimya kwa muuza chaja kwa bei mara tatu, utamfanya nini?

Mleta mada

Mkataba utaje bidhaa. Akikutwa na chaja, kizimba anapewa aliye kwenye foleni.

Mama Bamia

Na mkaguzi asiwe dalali.