Naomba ushauri: wanafunzi wananakili michoro ya kina bila kuielewa

Wadau, hamjambo. Nafundisha usanifu majengo mwaka wa 3 hapa Nairobi. Kazi ni mkato (mchoro wa ukuta kana kwamba umekatwa wima) wa ukuta wa mawe ya kuchonga, unene milimita 200, kuanzia msingi hadi paa kwa skeli 1:20, kisha viungo vitatu kwa 1:5.

Wengi hubandika vipande vya faili za zamani. Mistari ni safi, ila nailoni ya kuzuia unyevu chini ya slabu inaishia hewani, haikutani na DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande) ukutani. DPC yenyewe iko usawa mmoja na udongo wa nje badala ya milimita 150 juu, kwa hiyo mvua ikirusha matope, unyevu unapita juu yake. Wengine wanamwaga hadikoo (mawe ya kujazia chini ya slabu) juu ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa, ambao haukuondolewa!

Nimewapeleka saiti, wakarudi na picha, vipimo hakuna. Modeli za kadibodi zilisaidia, ila zilikula wiki tatu.

Naomba kujua:
Mkianza na penseli, tabaka kwa tabaka kama fundi anavyojenga, kompyuta mnairuhusu wiki ya ngapi?
Na je, kuna anayesahihisha kwa kumwambia mwanafunzi afuatishe njia ya maji kwa kalamu nyekundu? Alama mnagawaje?